GARI LA MOSHI KATIKA BONDE LA MKONDOA



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za injini za mvuke zilizovuta gari la moshi katika Reli ya Kati, na hasa pale Kilosa, mahali njia inapoiacha nchi tambarare ya Mkata ikaingia milimani, na ambapo baadaye lilichipua tawi la kwenda Mikumi. Vijana wengi hamkuziona injini hizo. Wazee wenu waliozisikia zikipanda usiku kutoka Kilosa kwenda Kidete waweza kuwaigizia sauti yake, na kwa kawaida huigiza vizuri kuliko sisi.

Habari za injini ni nyingi, nasi hatuwezi kuzimaliza kwa mazungumzo ya siku moja. Tumechagua kufuata jambo moja, nalo ni maji. Mtu akisikia neno "gari la moshi" hudhani kwamba moshi ndio ulivutao, au moto wenyewe. Moto ulikuwa mpishi tu. Mvutaji alikuwa maji. Na katika bonde la mto Mkondoa, ambao wasafiri wa kale waliuandika kwa jina la Mukondokwa, maji yaliyoiwezesha reli kupita ndiyo yaliyoivunja mara kwa mara, nayo yangali yakiivunja.

Na tuanzie jikoni. Mama akiteleka sufuria ya maji na kuifunika, maji yakichemka kifuniko huanza kuchezacheza, mwisho huinuka. Kiinuacho ni mvuke. Maji ya lita moja, yakigeuka yote kuwa mvuke penye hewa ya kawaida, hutaka nafasi ya lita 1,700 hivi. Sasa fikirini: mvuke huo ukifungiwa ndani ya chombo cha chuma, usipate nafasi unayoitaka, utasukuma pande zote kwa nguvu kubwa ukitafuta mlango. Kazi ya fundi ni kuufanyia mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo kuweka kitu kitakachosukumwa.

Boila la injini ni kama pipa refu la chuma lililolazwa. Nyuma yake pana sanduku la moto, na mbele pana dohani. Joto la moto hupita ndani ya mabomba mengi membamba yaliyolala ndani ya maji, kutoka nyuma hata mbele, ili kila bomba liyapashe maji yaliyo kando yake. Mvuke hukusanyika juu ya maji. Dereva akivuta mkono wa chuma, mvuke hushuka kwenye silinda mbili, moja kila upande wa injini. Ndani ya silinda mna pistoni, na mvuke huisukuma mbele. Kisha vali huugeuza mvuke uingie upande wa pili, na pistoni hurudi nyuma. Mwendo huo wa mbele na nyuma hugeuzwa kuwa mwendo wa kuzunguka kwa ufito mnene wa chuma uliofungwa kwenye gurudumu kubwa. Aliyewahi kumtazama fundi cherehani akikanyaga, mguu ukienda juu na chini na gurudumu likizunguka, amekwisha kuelewa.

Mvuke ukiisha kazi yake katika silinda hutupwa nje kwa kupitia dohani, na ile sauti ya kuhema ndiyo sauti ya mvuke huo utokapo, mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Utokapo kwa nguvu huvuta hewa nyuma yake, na hewa hiyo hupita motoni ikauwasha zaidi. Hivyo mlima ukizidi ukali injini huhema kwa nguvu zaidi, na moto nao huwaka zaidi bila mtu kuupepea. Sisi twaona kwamba hii ndiyo akili kubwa kuliko zote iliyotiwa katika chombo hiki.

Lakini akili hiyo ina gharama yake. Katika meli nyingi za mvuke, mvuke uliokwisha kutumika hupozwa ukarudi kuwa maji, yakatumika tena. Injini ya reli huutupa hewani usirudi. Kwa hiyo kiu yake haina mwisho. Kuni zikipungua itakwenda polepole. Maji yakipungua haina budi kusimama, tena kusimama kwenyewe kuna hatari.

Hatari hiyo yafaa tuieleze vizuri. Paa la sanduku la moto hufunikwa na maji wakati wote. Chuma chenye moto chini na maji juu hakidhuriki upesi, kama vile sufuria isivyoungua maadamu ina mchuzi. Maji yakipungua hata paa likawa wazi, chuma hugeuka chekundu, hulainika, na mvuke uliofungiwa huweza kulipasua boila zima na kuwaua waliomo. Mafundi waliweka kinga yake: kizibo chenye risasi katika paa hilo. Paa likipata joto kupita kiasi, risasi huyeyuka, mvuke humwagika motoni, na dereva hupata habari kwa njia asiyoweza kuisahau. Lakini dereva ambaye risasi yake imeyeyuka hakuwa dereva wa kusifiwa. Alitakiwa kutazama kioo, yaani mrija mdogo ulio mbele ya macho yake, uonyeshao kimo cha maji.

Na hapo mlima huleta hila. Injini ipandapo huinua kichwa, maji ndani ya boila hukimbilia nyuma, na kioo, kwa kuwa kiko nyuma, huonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Ikifika juu na kuanza kushuka, maji hukimbilia mbele, na paa lile laweza kuwa wazi kwa ghafula. Basi kukisoma kioo hakukutosha. Ilimpasa dereva aijue njia yake kwa moyo, kila mpando na kila kona, ajue pia maji yatakuwa wapi dakika tano zijazo. Katika siku za ukoloni vyeo vya juu katika reli vilishikwa kwanza na Wazungu na Wahindi, na Waafrika wakapewa kuchochea moto, kusafisha injini na kutengeneza njia. Lakini mchochea moto alisimama mahali pale pale pamoja na dereva, akitazama kioo kile kile, na elimu hiyo haikuweza kufichwa asiipate.

Tuseme kidogo asili ya mambo haya. Injini ya kwanza ya mvuke kuvuta mzigo juu ya reli ilikuwa ya Richard Trevithick, huko Wales, mwaka 1804. Mwaka 1825 ikafunguliwa njia ya Stockton na Darlington kwa injini ya George Stephenson, na tangu hapo reli zikaenea duniani kama moto wa nyika. Katika nchi zetu Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Waingereza wakaanza ya Mombasa mwaka 1896, na baadhi ya injini zao za awali walizinunua Marekani katika kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwishoni mwa mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita kuu ya kwanza. Urefu wake ni kilomita 1,250 hivi, na upana kati ya reli mbili ni mita moja.

Kabla ya hapo mizigo ya bara ilikwenda kichwani na begani. Njia moja ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita katika bonde hili hili. Mwaka 1871 Henry Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alivuka kinamasi cha Makata wakati wa masika, watu na punda wakitembea majini na matopeni, kisha akaufuata mto Mukondokwa hadi ziwa Ugombo na Mpwapwa. Mpagazi mmoja alichukua kilo 30 hivi. Fanyeni hesabu, enyi wanafunzi: behewa moja lenye tani 10 ni mzigo wa wapagazi zaidi ya 330, na treni yenye mabehewa 20 ya namna hiyo ni mzigo wa wapagazi zaidi ya 6,600, ambao yawapasa kula, kulala, na kuugua njiani. Hatusemi haya ili kuwasifu waliojenga reli kwa faida ya himaya yao, maana vibarua walioitandika waliitandika kwa taabu nyingi. Twasema ili mjue kwa nini, injini ilipofika, misafara ilikufa upesi namna ile.

Waliopima njia walikutwa na jambo zito pale Kilosa. Kilosa haifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma imepita mita 1,100. Kati yake imesimama milima ya Usagara. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa wepesi, na hiyo ndiyo faida yake katika nchi tambarare. Lakini mwinuko ambao punda huupanda bila kufikiri waweza kuishinda injini. Hata mpando ukiwa wa kadiri, mvua ikilowesha reli, dereva hulazimika kumwaga mchanga mbele ya magurudumu ili yapate kushika. Basi wapimaji walifanya kama wafanyavyo wenzao kote duniani: walitafuta mto. Mkondoa, ambao huko juu hujulikana kwa jina la Kinyasungwe na huko chini hufika mto Wami, umeikata milima hiyo kwa maelfu ya miaka bila kulipwa mshahara. Reli ikaufuata ukingoni, kona kwa kona, kwa kupitia Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode hadi Gulwe. Mpando ukawa wa polepole, na maji ya kunywesha injini yakawa karibu.

Jambo hili la pili lilikuwa neema. Kwingineko katika njia hiyo, hasa katika nchi kame ya Ugogo na kuendelea magharibi, ilikuwa lazima wakati mwingine kupeleka maji kwa mabehewa ya tangi, yaani injini moja kunywa na kuhema ili ichukue maji ya kunywewa na nyingine. Aliyeketi Kilosa akiusikia mto ukivuma hakuyajua mashaka hayo.

Hata hivyo, maji ya mto wakati wa mvua si maji safi. Tope likiingia katika boila hutulia chini. Na chumvi za mawe, maji yakigeuka mvuke, hubaki na kugandamana juu ya mabomba, kama vile mnavyoona ukoko mweupe ndani ya birika la siku nyingi. Ukoko huo huzuia joto, na chuma hupata moto kuliko kinavyostahili. Tena maji machafu hutoa povu, na povu likichukuliwa pamoja na mvuke hata kwenye silinda, laweza kuvunja kifuniko chake, kwa kuwa maji hayabanwi kama mvuke ubanwavyo. Kwa hiyo kila baada ya muda injini ilizimwa moto, ikaachwa ipoe, ikafunguliwa vizibo vyake, na boila likaoshwa kwa maji ya nguvu. Ilikuwa kazi chafu isiyotajwa katika vitabu vya sifa, nayo ndiyo iliyoziweka hai injini hizo.

Chakula chake kilikuwa kuni. Karibu na Reli ya Kati hapakuwa na machimbo ya makaa ya mawe, na makaa ya kuletwa kwa meli yalikuwa na bei kubwa. Basi kwa miaka mingi, wakati wa Wajerumani na wakati wa Waingereza, injini zilikula miti ya nchi. Kilo mbili za kuni kavu hutoa joto la kadiri ya kilo moja ya makaa mema, kwa hiyo mtu aliyetia kuni hakupata nafasi ya kuketi. Kando ya njia yalipangwa marundo, na wakata kuni walikwenda mbali zaidi na reli kila mwaka, maana miti ya karibu ilikuwa imekwisha. Kuni zina ubaya mwingine: cheche. Waya za wavu ziliwekwa mbele ya dohani kuzizuia, lakini cheche nyingine zilipita, na wakati wa kiangazi nyasi za kando ya njia ziliwaka moto. Baada ya vita kuu ya pili ndipo injini za reli hii zilipogeuzwa zitumie mafuta mazito badala ya kuni.

Vita kuu ya kwanza iliifikia Kilosa mwezi wa Agosti 1916. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliyavunja madaraja ya reli ili adui asipate kuitumia. Waingereza walioikuta njia bila injini waliyavisha malori magurudumu ya reli, wakapeleka vyakula vya askari kwa malori hayo. Miaka miwili tu kabla ya hapo njia hiyo ilikuwa imebeba mzigo wa ajabu: meli nzima iitwayo Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg katika Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikapitishwa Kilosa kwenda kuungwa tena Kigoma. Meli hiyo ndiyo Liemba ya ziwa Tanganyika, na jina hilo ililipata mwaka 1927.

Waingereza walipoishika reli walihitaji injini zenye nguvu zaidi. Katikati ya miaka ya 1920 zililetwa injini zilizoundwa na kiwanda cha Vulcan Foundry cha Uingereza, zenye magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa ya kuvuta, na mawili madogo nyuma chini ya sanduku la moto. Mpango huo wa magurudumu huitwa Mikado kote duniani, kwa sababu kiwanda cha Baldwin cha Marekani kiliunda injini za namna hiyo mwaka 1897 kwa ajili ya Japani, na Mikado ni neno la kumtaja mfalme wa Wajapani. Marekani ilipopigana na Japani katika vita kuu ya pili, Wamarekani wengi hawakupenda tena kulitamka jina hilo, wakaziita MacArthur kwa jina la jemadari wao. Injini zenyewe hazikubadilika.

Lakini mlima pamoja na kona za mto ulitaka akili nyingine. Ukitaka nguvu zaidi ni lazima boila liwe kubwa zaidi. Boila kubwa ni zito. Na uzito mwingi juu ya magurudumu machache huvunja reli nyembamba. Ukiongeza magurudumu, injini huwa ndefu isiyoweza kukunja kona. Mwingereza mmoja, Herbert William Garratt, alilifungua fundo hilo mwaka 1907. Alichukua boila moja, akalining'iniza katikati ya injini mbili kama machela kati ya wachukuzi wawili. Kila injini ina magurudumu na silinda zake, juu ya ile ya mbele pana tangi la maji, juu ya ile ya nyuma pana chakula cha moto, nazo hugeuka kila moja kwa upande wake penye kona. Injini za kwanza za namna hiyo ziliundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1909 kwa kisiwa cha Tasmania. Tanganyika ilipata tatu za kwake kutoka kiwanda hicho hicho, zikaanza kazi mwaka 1931.

Tarehe 1 Mei 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Hapo ndipo zilipokuja injini nyingi ambazo wazee wetu wa leo wanazikumbuka. Garratt 29 za aina ya 60 ziliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikapewa majina ya magavana. Injini za aina ya 30, zilizoundwa Glasgow, zilifungiwa gari kubwa la maji ili ziweze kuvuka nchi kame bila kunywa mara kwa mara, nazo zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Katika njia ya Mombasa na Nairobi zikatembea Garratt 34 za aina ya 59, kila moja ina tani 252 hivi, kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea juu ya reli ya mita moja. Hizo ziliitwa kwa majina ya milima, mingine ikiwa ya Tanganyika. Kwa kulinganisha, reli ya Union Pacific ya Marekani, ambayo njia yake ni pana zaidi, ilikuwa na injini 25 ziitwazo Big Boy, zilizoundwa kati ya mwaka 1941 na 1944, kila moja ikipita tani 500 pamoja na gari lake la maji. Mmoja wa majitu hayo, namba 4014, alitengenezwa upya akatembea tena mwaka 2019.

Sasa twende Mikumi. Mwaka 1960 njia mpya ilifunguliwa kutoka Kilosa kwenda kusini hadi Mikumi, na katika miaka iliyofuata ikaendelezwa hadi Kidatu, kwenye bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa. Kutoka Kilosa hadi Kidatu ni kilomita 108 hivi. Upande huo kuna mahali paitwapo Ulaya, na wasafiri hawakuacha kutaniana kwamba kutoka Kilosa mtu huweza kufika Ulaya bila kupanda meli. Mbuga ya Mikumi yenyewe ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Huko Kidatu reli hii yakutana na ile ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, lakini hukutana bila kushikana, kwa kuwa njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na hii ina 1,000. Kwa milimita 67, ambazo ni kiasi cha upana wa vidole vinne, behewa haliwezi kupita. Mwaka 1998 palifunguliwa hapo kituo cha kuhamishia mizigo.

Na turudi mtoni, maana Mkondoa haukulala wakati huu wote. Reli iliyowekwa ukingoni ili ipate mpando wa polepole iliwekwa pia mahali ambapo mto hupita ukifurika. Maji yakipanda huingia chini ya njia, huyachukua mawe na udongo, na kuiacha reli ikining'inia hewani pamoja na mataruma yake, kama ngazi iliyolazwa juu ya shimo. Kwa mbali, usiku, hata dereva mwenye macho mema huiona reli nzima mbele yake na kudhani njia ni salama. Ndiyo maana wakati wa mvua watengeneza njia hutumwa kuikagua kwa miguu, na maisha ya abiria huwa mikononi mwao kuliko mikononi mwa dereva. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliyokumba Kilosa yaliwaacha maelfu ya watu bila nyumba, yakaivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za bara zikakatika kwa miezi kadhaa.

Mvua kubwa zilikuwapo hata zamani. Lakini mto huu umezidi kujaa mchanga. Mlima usio na miti hauyashiki maji; huyaachia yote mara moja, nayo hushuka na udongo. Yakifika mahali pa tambarare huutua udongo huo, kitako cha mto kikapanda, na daraja lililojengwa kwa kimo cha kutosha likawa fupi bila mtu kuligusa. Hatusemi kwamba shoka la reli peke yake liliiacha wazi milima hiyo. Mashamba ya mitelemkoni, mifugo mingi, uchomaji wa mkaa na moto wa kiangazi vimefanya kazi yake, na vingali vikifanya. Lakini miti iliyotiwa katika masanduku ya moto kwa miaka mingi haikutoka mbinguni. Anayelima leo juu ya Kidete na anayelala Kilosa karibu na tuta la mto wanaunganishwa na maji yale yale, hata kama hawajaonana.

Injini za dizeli zilizifukuza zile za mvuke kidogo kidogo tangu miaka ya 1960, na sasa hakuna treni ya Reli ya Kati ivutwayo kwa mvuke. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma juu ya reli mpya iliyo pana. Waliojenga reli hiyo hawakukubali kuufuata mto kona kwa kona; walitoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki manne. Reli ya kale ya mita moja ingali bondeni, kando ya Mkondoa.

Mwanafunzi atakaye kuona injini za mvuke kwa macho yake atazikuta katika jumba la makumbusho la reli huko Nairobi. Mojawapo ni namba 3020, ya aina ile ya 30 tuliyoitaja, na jina lake ni Nyaturu. Nyingine ni Garratt namba 5918, iitwayo Mount Gelai, mlima ulio kaskazini ya Tanzania. Akiruhusiwa kupanda anaposimama dereva, na autafute ule mrija wa kioo cha maji kabla ya kitu kingine chochote.